Kinamasi Kisichorithiwa

Ruiru, 9 Februari 1958

Shemeji Kaleli,

Huku sote tu wazima, isipokuwa suruali yangu ya Jumapili, ambayo imekataa kufungika. Dada yako anasema suruali imezeeka. Mimi nasema mpishi ndiye wa kulaumiwa, ila nasema kwa sauti ndogo.

Ningekuja Thika tuzungumze uso kwa uso, lakini karani anayetoa pasi za kusafiri alinitazama juu hadi chini, akauliza naenda kufanya nini huko. Nikamwambia namwona shemeji yangu. Akasema, "Mwandikie." Basi nakuandikia, ingawa baiskeli ingefika huko kabla chai yako haijapoa. Barua hii anakuletea Jared, yule dereva wa lori la mkate. Ukiona chembe kwenye bahasha, zifute tu.

Jambo lenyewe ni Kariaini. Unaikumbuka: kile kinamasi chini ya kijiji chetu, penye chemchemi ambapo dada yako Ndunge na wanawake wote wa mgongo wetu wa kilima huchota maji, penye matete na miti ya mwiri, na wale korongo wenye taji waliomkimbiza mwanao mpaka akapoteza kiatu. Sasa serikali inakusanya mashamba. Mtu mwenye vipande huku na kule atapewa kimoja kilichoungana, vigingi vitapigwa, na itakuwa hivyo milele. Kariaini imekatwa vipande vyembamba kama mkate wa Jared, kila familia na chake. Kila mtu akipewa chake atachimba mtaro, maji yatoke, apande kabeji. Jirani yangu Simeon amekwisha kuagiza mbegu. Maji yakishatoka, wanawake watachota nini? Kabeji?

Kwa hiyo tumeanzisha kamati ya maji. Chifu ametupa ruhusa ya kukutana, mradi tukutane mchana, mahali anapoweza kutuona kutoka barazani kwake. Mimi ni mwenyekiti. Nilichaguliwa nikiwa nimetoka kidogo kwenda haja. Mpango wetu ni huu: kila mwenye kipande Kariaini akitoe, na sisi wengine tumfidie kwa ardhi yetu mahali pengine. Vipande vyote viungwe viwe shamba moja, liandikwe kwa jina la wadhamini, na lisilimwe wala kukatwa na mtu yeyote, sasa na wakati wa wajukuu.

Karibu wote wamekubali. Simeon aliniumiza. Alitaka ardhi nzuri kweli, nami nikampa ile sehemu iliyo kando ya barabara. Ndiyo, shemeji. Ile Ndunge anayopanda mbaazi, zile alizotumiwa mbegu na mama yenu kutoka Yatta. Bado hajui. Natafuta siku nzuri ya kumwambia. Wewe usimwambie, tafadhali, kwa sababu napenda kuishi.

Amebaki Gachanja peke yake. Kipande chake ndicho cha katikati, chenye jicho lenyewe la chemchemi. Bila hicho, tulichokusanya ni kingo za sahani bila chakula. Lakini nitamshawishi.

Ombi la mwisho: wazee wanataka mipaka iwekwe kwa desturi, na kwa hiyo tunahitaji kondoo dume mweusi asiye na doa. Huku hapatikani. Soko la Thika ni kubwa. Nitafutie.

Ni mimi, mwenyekiti,
Ephantus


Thika, 16 Februari 1958

Mume wa dada yangu,

Barua yako imefika ikinukia mkate. Niliisoma wakati wa chakula pale kiwandani, katikati ya mikebe ya nanasi, nikacheka hadi wale vijana ninaowasimamia wakadhani nimepandishwa cheo.

Kwa hiyo umekuwa mwenyekiti wa vyura. Hongera. Watu wengine wakifika umri wako huanza kufuga ng'ombe.

Lakini ngoja nikuambie jambo nisilolifanyia mzaha. Kwetu Yatta palikuwa na kijito. Ndunge alikuwa mdogo, labda hakumbuki vizuri. Baba alikata mikuyu yote kandokando yake akapanda mahindi, na mwaka huo tulishiba sana, tukamsifu. Siku hizi mama huchimba mchanga kwa kibuyu akitafuta maji hapo hapo tulipokuwa tukiogelea. Kwa hiyo fanya kazi yako na vyura wako. Niko upande wako.

Kuhusu mbaazi: mimi simdanganyi dada yangu. Ila kunyamaza najua. Nitanyamaza. Lakini siku atakapojua, usije ukakimbilia kwangu; nyumba ya kiwanda ina chumba kimoja.

Kondoo dume nimemtafuta soko zima. Nilionyeshwa mmoja tu, na alikuwa na uso wa mtu aliyeachwa na treni. Badala yake nimekununulia beberu. Lo, ni beberu! Mweusi tititi, ana pembe kama usukani wa baiskeli, na macho yake hayaogopi mtu. Kwetu Ukambani beberu ndiye anayefanya kazi zote za heshima. Mnyama ni mnyama. Jared atamleta wiki ijayo pamoja na mkate.

Shemeji yako,
Kaleli


Ruiru, 9 Machi 1958

Shemeji,

Beberu wako amefika. Sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye lori. Jared hataki kukusikia. Anasema katika kazi yake yote hajawahi kuona mnyama anayejua kufungua kreti. Walioagiza mkate Ruiru siku hiyo walikula viazi vitamu.

Nikampandisha hadi kijijini siku ile ile wapimaji walipokuja Kariaini. Walikuwa wamekwisha kupiga vigingi kuzunguka kinamasi chote, na ugwe wa katani umevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, safi, umenyooka kama mstari wa daftari la shule. Wazee walikuwa wamesimama wakimsubiri mnyama. Mimi nikatokea nikivuta kamba, najisikia mtu mkubwa.

Wazee wakatazama.

"Ephantus," mmoja akasema, "hicho ni nini?"

"Ni mnyama, mzee. Mweusi, hana doa."

"Naona hana doa. Nauliza, ni nini?"

"Ni… beberu."

"Atiriri! Tulisema kondoo. Kondoo ni mpole, kwa hiyo mpaka unakaa kwa upole. Unataka mpaka wenye pembe? Unataka wajukuu zetu wapigane hapa kila masika?"

Shemeji, jasho lilinitoka hata pale ambapo sina nywele. Nikaomba ruhusa nikajadiliane nao kando, na ili nisiende nikimvuta beberu, mimi mwenyewe, mwenyekiti, karani wa mizani wa shamba zima la kahawa, mtu ninayeaminiwa na magunia, nikamfunga kwenye kigingi cha mpimaji.

Ulisema haogopi mtu. Ni kweli. Ila anaogopa korongo. Mmoja aliruka kutoka kwenye matete, akapiga ile sauti yake ya tarumbeta iliyopasuka, na beberu akaondoka. Akaondoka na kigingi. Kigingi kikaondoka na ugwe. Ugwe ukaondoka na vigingi vingine vyote, kimoja baada ya kingine, pu, pu, pu, wakapita katikati ya matope, wanawake wakapanda juu ya mawe wakipiga vigelegele kama harusini. Wazee walicheka hadi wakakaa chini. Mpimaji mkubwa hakucheka. Alifunga vitu vyake, akasema anaenda kupima mgongo wa jirani kwanza, na akirudi asikute mnyama wa aina yoyote, "na wewe pia," akaninyooshea kidole.

Kusema kweli, beberu ametuokoa. Siku hiyo kipande cha katikati kilikuwa kinaandikwa kwa jina la Gachanja, na habari ingeishia hapo. Sasa tuna muda kidogo hadi mpimaji atakaporudi, pengine baada ya Pasaka.

Kwa sababu Gachanja amekataa. Nimeenda kwake nikakaa, nikanywa uji wake ambao una mchanga, nikamsifu, nikamwahidi ardhi nzuri kule juu. Akanisikiliza vizuri sana. Halafu akasema, "Wewe una watoto."

Nikasema ninao.

"Simeon ana watoto. Kamati yako yote ina watoto. Leo mnaniambia hakuna atakayelima. Kesho mtakufa, na vijana wenu watasema, hii ni ya baba, lete jembe. Mimi sitampa mtu mwenye watoto. Nenda."

Basi nakuomba, shemeji, ulizia hapo Thika. Je, kuna mtu wa heshima, mwenye umri, asiye na mtoto hata mmoja, anayeweza kukubali kuwa mdhamini? Afadhali awe mtu wa kanisa. Nimefikiria hapa Ruiru nzima na wote wamezaa.

Beberu yuko salama. Ndunge amempenda. Usiku beberu anakula mbaazi zake, na mimi naangalia, najisikia vibaya.

Ephantus


Kijijini, juu ya Ruiru, 20 Machi 1958

Kwa Kaleli, mwana wa mama yangu,

Ndunge ninakuandikia. Usimwonyeshe mume wangu barua hii, na nimemwambia Jared asiitaje.

Najua habari ya mbaazi. Nimejua tangu Januari. Mke wa Simeon alinikuta kisimani akanishukuru kwa moyo wangu mkubwa. Nikamwambia karibu, halafu nikajaza mtungi pole pole ili nipate kufikiri, "moyo gani huo?" Mwanzoni nilitaka kumwagia mtu maji. Lakini nilipofika juu ya mlima na mtungi mgongoni nilikuwa nimeamua. Wewe unadhani sikumbuki kijito cha Yatta. Nakumbuka. Nakumbuka mama akiimba siku ya mavuno ya mahindi yale. Ephantus angeniuliza, ningempa shamba hilo siku hiyo hiyo. Hakuniuliza, basi namwacha aive kidogo. Kila Jumapili akija kutoka kazini kwake shamba la kahawa anazisifu mbaazi zangu. Anasema hajawahi kula mbaazi kama hizi. Anakula hadi anatokwa na machozi. Nakuambia, Kaleli, sijawahi kufurahi hivi katika ndoa yangu.

Sasa sikiliza. Nimeenda kwa Gachanja. Yule mzee nampelekea maji kila siku, kwa hiyo mimi hanijibu kama anavyowajibu wanaume. Nikamwuliza, "Ni kweli unataka mtu tasa?" Akakasirika. "Nani kasema tasa? Huyo mumeo anasikia nusu, nusu nyingine anaongea yeye. Nimesema mwenye watoto wa hapa. Nataka mtu ambaye mtoto wake hawezi kuja kwenye mgongo huu akasema, ni pa baba yangu. Mtu asiye wa ukoo. Mgeni."

Nikamwuliza kama anamjua mgeni wa namna hiyo.

Akafikiri. Akasema, "Yule aliyemleta beberu. Mtu anayechanganya beberu na kondoo mbele ya mpaka, huyo hana asili yoyote hapa. Huyo namtaka."

Basi ni wewe. Kubali. Watakuwa wadhamini watatu: yeye, wewe, na mimi. Mimi amenitaja mwenyewe, kwa sababu anasema anayebeba maji hawezi kuyauza. Njoo Jumamosi baada ya Pasaka, wewe pasi yako si ngumu kama yetu. Uje na kondoo. Kondoo, Kaleli. Mwenye manyoya ya kusokota, anayetazama chini.

Dada yako,
Ndunge


Thika, 27 Machi 1958

Shemeji mwenyekiti,

Acha kutafuta mtu asiye na watoto. Kati ya watu wazima ulionituma niwaulize swali la namna hiyo, mmoja ni katekista, na sasa ananipita njiani bila salamu.

Nimepata mdhamini. Ana watoto sita, anakoroma, na Gachanja anamtaka. Usiniulize nimejuaje. Atakuja Jumamosi baada ya Pasaka akiwa na kondoo dume. Nimemkagua kondoo mwenyewe kutoka mbele na nyuma, nikamwonyesha pia mzee mmoja wa Kikuyu anayelinda lango la kiwanda, akathibitisha ni kondoo.

Jared amekataa kumbeba. Tutakuja kwa treni, mimi na kondoo.

Mbaazi zinaendeleaje huko? Nauliza tu.

Kaleli


Ruiru, 20 Aprili 1958

Kaleli, mdhamini,

Mambo ya Jumamosi uliyaona kwa macho yako, sina haja ya kukusimulia jinsi ulivyoanguka kwenye matope ukiwa na kondoo mikononi. Wanawake wanaisimulia vizuri zaidi.

Lakini kuna mambo hukuyaona kwa sababu ulikuwa ukikimbilia treni.

Baada ya mipaka kuzungushwa, Gachanja alisimama. Unajua sauti yake. Akasema, "Mimi nimetoa jicho la maji. Nataka kila nyumba iseme hapa, mbele ya wote, ilitoa nini. Ili asije mtu kesho kusema hakuulizwa."

Shemeji, nilianza kutafuta njia ya kutoka. Nyumba zikasema, moja moja. Fulani ametoa kipande cha bondeni, fulani sehemu ya malisho. Ikafika zamu ya nyumba yangu. Nikafungua mdomo. Nikakohoa. Mtu ninayehubiri mazishini bila kuandika!

Ndunge akasimama nyuma, na mtungi wake. "Nyumba ya Ephantus imetoa shamba langu la mbaazi," akasema. "Nimelitoa mimi. Na nasema waziwazi, ni shamba zuri, kwa hiyo Simeon alilime vizuri, la sivyo nitamjia."

Watu wakampigia makofi. Mimi nikapiga pia, kwa nguvu kuliko wote. Akanitazama kwa upole, ule upole mbaya. Akasema, "Zilikuwa tamu, si ndiyo, baba Mumbi? Kila Jumapili?"

Kumbe alijua tangu Januari! Na wewe ulijua kuwa anajua! Nimeolewa na familia ya majasusi. Hata "nimeolewa" nimeiandika, na naiacha hivyo, kwa sababu ndivyo mambo yalivyo.

Hukumu yangu ni kulima shamba jipya la mbaazi kule juu penye mawe, kwa mikono yangu, bila kumwajiri mtu. Nimeanza. Tumbo limeanza kurudi nyuma kwa mpangilio kama jeshi.

Mpimaji amerudi, amepiga vigingi. Kariaini yote ni kitu kimoja. Masharti yamesomwa: hakuna kukata, hakuna kuchimba, hakuna kulisha. Maji ni ya mwenye mtungi yeyote. Mizinga ya nyuki inaruhusiwa. Mdhamini mmoja akifa au akichoka, wawili waliobaki wanamchagua mwingine, lakini asitoke nyumba ya yule aliyeondoka. Na mwenyekiti wa kamati ya maji hana kura. Hilo la mwisho sijui nani aliliingiza. Ninashuku ni dada yako.

Siku ile jioni korongo walicheza. Wawili, wanaruka, wanainama, wanaruka. Wazee wakasema wanatushukuru. Nadhani walikuwa wanamwiga shemeji fulani akianguka na kondoo.

Ephantus


Ruiru, 4 Oktoba 1959

Kwa Wadhamini wa Kariaini: Bwana Kaleli wa Thika, Bi. Ndunge, na Bwana Simeon

Waheshimiwa,

Kwanza nampongeza Bwana Simeon kwa kuchukua nafasi ya Mzee Gachanja, ambaye magoti yake yamestaafu ingawa mdomo haujastaafu. Nani angefikiri kwamba mtu wa kabeji angekuwa mdhamini?

Pili, kama mjuavyo, tumeruhusiwa kutoka kijijini tulikokusanywa na serikali na kujenga kwenye mashamba yetu mapya. Nyumba yangu imekamilika: kuta, mabati, madirisha. Kimebaki kitu kimoja. Mlango.

Waheshimiwa, kule Kariaini, upande wa magharibi, kuna mwiri mmoja mkubwa ulionyooka. Ni mmoja tu. Miti mingine hata haitajua. Mbao zake zingetoa mlango ambao wajukuu wangewaonyesha wageni. Kwa kuzingatia kuwa mimi ndiye niliyeanzisha jambo hili lote, nikavumilia beberu, na ninalima kwenye mawe hadi leo, naomba kwa unyenyekevu nipewe mti huo.

Nimeiandika barua hii rasmi kwa sababu nilipomwuliza Bi. Ndunge wakati wa chakula, aliniambia nipitie njia zinazostahili.

Wenu mtiifu,
Ephantus, Mwenyekiti


Thika, 18 Oktoba 1959

Bwana Mwenyekiti,

Wadhamini wamekaa. Mimi nilikuja na treni kwa ajili yako tu, na nikalala kwako, na ulinipikia chai nzuri sana usiku huo, na asubuhi pia. Tuliiona nia ya chai hiyo.

Jibu ni hapana.

Bwana Simeon amesema niandike kwamba yeye angekata mti kwa ajili yako kwa furaha, kama ungekuwa wake. Lakini si wake. Si wangu, wala si wa dada yangu. Tulijaribu kumtafuta mwenye mti wa kumwuliza, tukakuta hayupo, maana ndivyo mwenyewe ulivyoupanga mpango huu. Mzee Gachanja, ambaye hakuulizwa, alisema kutoka nje ya dirisha: "Mwambieni ana watoto!"

Ndunge amesema hana la kuongeza, ila umpitishie chumvi.

Kwa niaba ya Wadhamini,
Kaleli


Ruiru, 13 Desemba 1959

Kaleli,

Nilikasirika. Nataka ujue hivyo. Nilikasirika kutoka asubuhi hadi saa kumi, na mtu wa unene wangu kukasirika muda wote huo ni kazi. Nilisema nitajiuzulu. Ndunge akaniambia mwenyekiti asiye na kura akijiuzulu hakuna atakayejua, nisubiri angalau Krismasi ili watu wapate habari.

Jioni nilishuka Kariaini niutazame ule mti kwa mara ya mwisho, kama mtu anayemtazama mchumba aliyeolewa na mwingine. Nikauzunguka. Nikaushika gome. Na papo hapo, shemeji, kitu kikanijia hadi nikaanza kucheka peke yangu, wanawake wa kisimani wakaweka mitungi chini. Ikiwa mimi nimenyimwa, mimi mwenye maneno mengi, mwenye mke ndani na shemeji ndani na jirani aliyekula shamba langu la mbaazi, basi ni nani atakayepewa? Hakuna! Hata chifu hawezi. Hata binti yangu Mumbi akiwa bibi kizee hawezi. Kitu chenyewe kinafanya kazi!

Nyumba yangu bado ina gunia la kahawa mlangoni. Wageni wakija wananihurumia, wananiuliza kwa nini nyumba nzuri hivi haina mlango. Nawachukua, nawashusha bondeni hadi upande wa magharibi, nasimama kando ya ule mwiri, natandaza mkono kama mtu wa maonyesho, nawaambia:

"Huu hapa. Ndio mlango wangu. Umesimama vizuri, una majani, na kama mnavyoona, juu huko kuna ndege amekwisha kuingia."

Wako,
Ephantus